Miaka minne bila nyama, LDL iko 4.6, na daktari ananiambia nipunguze nyama

Mkaazi wa Kangemi

Hamjambo nyote. Mimi ni mama wa miaka 46, na kwa sababu za imani nimekaa miaka minne bila kuonja nyama, kuku wala samaki, ijapokuwa maziwa na mayai bado natumia. Mwezi uliopita wapimaji waliletwa kazini kwetu, nami nikapimwa kolesteroli kwa mara ya kwanza maishani. Majibu yalionyesha LDL (ile kolesteroli wanayoiita mbaya) ya 4.6 mmol/L, HDL (ile nzuri) ya 1.3 na trigliseridi (mafuta mengine ya damu) za 1.4. Sukari na shinikizo la damu vilikuwa sawa.

Niliyapeleka majibu hayo katika kituo kimoja cha afya hapa mjini. Daktari aliyatupia jicho, akaniambia nipunguze nyama nyekundu, kisha akanipa karatasi ambayo imetolewa nakala juu ya nakala hata maneno ya ukingoni yamekatika. Orodha ilikuwa hii: nyama choma, matumbo, mutura, soseji, ngozi ya kuku. Nilipomweleza kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoingia kinywani mwangu kwa miaka minne, alinitazama kana kwamba namficha jambo, akasema, "Basi endelea vivyo hivyo, urudi baada ya miezi mitatu, na kama haijashuka nitakuandikia dawa."

Niendelee vivyo hivyo vipi, ilhali vivyo hivyo ndivyo vilivyonifikisha hapa? Asubuhi nakunywa chai ya maziwa kwa mandazi mawili au chapati, mchana nakula githeri au wali kwa ndengu katika kibanda kilicho karibu na kazini, na jioni ni ugali kwa sukuma wiki au managu. Jumapili napika maharagwe ya nazi. Mafuta ninayonunua yameandikwa waziwazi kwenye chupa kwamba hayana kolesteroli. Naomba anayefahamu anieleze kolesteroli yangu inatoka wapi.

Lishe Wodini

Dada, pole kwa karatasi hiyo, ambayo naifahamu vizuri kwa kuwa nafanya kazi ya lishe hospitalini na nimeikuta mikononi mwa wagonjwa wengi. Kosa lake ni kwamba imeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule mwanamume wa nyama choma ya kila Jumamosi, na mwingine yeyote anayeipokea huondoka akiamini ama hana tatizo, ama tatizo lake halina dawa.

Kolesteroli iliyo nyingi katika damu haitoki sahanini. Inatengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo lenye sehemu kubwa katika kazi hiyo. Ini hilo hilo pia huiondoa LDL katika damu kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi iliyohusu vipokezi hivyo. Ukila kwa wingi mafuta ya aina inayoganda, ambayo sisi huyaita mafuta yaliyoshiba, vipokezi hupungua, LDL ikabaki ikizunguka, na kipimo kikapanda. Ini halijali kama mafuta hayo yametoka kwa ng'ombe au kwa mchikichi.

Hapo ndipo ile chupa yako inapoingia. Maneno "haina kolesteroli" ni ya kweli kwa kila mafuta ya mmea yaliyopata kutengenezwa duniani, kwa hiyo hayakuelezi lolote. Mafuta mengi ya bei nafuu yanayouzwa madukani kwetu hutokana na mawese, na karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yale yaliyoshiba. Huhitaji maabara ili kuyatambua. Asubuhi ya Julai, baridi ya Nairobi inapouma, itazame chupa kabla hujawasha jiko: ukiona mafuta yamekuwa na ukungu mweupe, au yameganda chini kama uji uliopoa, umekwisha kupata jibu. Mafuta ya alizeti yatakuwa yangali maji matupu.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu ushauri usio na vipimo ni sawa na dua. Tuseme nyumba ya watu wawili inamaliza lita tatu kwa mwezi. Hiyo ni mililita 50 kwa kila mtu kwa siku, yaani takriban gramu 45 za mafuta, na kati yake gramu 20 hivi ni zilizoshiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 22. Umeshafika kwenye mpaka na bado hujagusa maziwa. Nusu lita ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta inaongeza gramu 10 au 11. Tui la nazi ndilo zito kuliko yote, maana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yaliyoshiba, ingawa la mara moja kwa wiki mimi nisingelipigia kelele. Mayai nayo nisingeanza nayo. Miongozo ya lishe ya Marekani iliondoa ule mpaka wa miligramu 300 za kolesteroli kwa siku katika toleo la 2015, kwa kuwa kolesteroli ya ndani ya chakula ina nguvu ndogo kuliko tulivyofundishwa.

Naomba basi ufanye jambo moja kabla ya kubadilisha chochote: jua ni mafuta kiasi gani yanaisha nyumbani kwako, na kwa siku ngapi.

Mzee wa Rongai

Mimi naona mnamtisha mama wa watu bure. Wamaasai wameishi kwa maziwa, damu na nyama tangu enzi za mababu, na wazungu waliokuja kuwapima miaka ya sitini walikuta kolesteroli yao iko chini na mioyo yao ni mizima. Kama mafuta ya mnyama yangekuwa sumu, jamii hiyo ingekuwa imekwisha. Arudie nyama kidogo, apate nguvu, aachane na mafuta ya viwandani.

Lishe Wodini

Mzee wangu, kuhusu mafuta ya viwandani tunakaribiana, lakini habari ya Wamaasai ina sehemu ya pili ambayo haisimuliwi sana. George Mann, ambaye ndiye aliyewapima miaka hiyo, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1972 uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Kuta za mishipa ya moyo zilikuwa zimenenepa kwa utando kama za wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Mann aliona kwamba huenda ni matunda ya kutembea kwao. Dada yetu huenda anakaa kwenye kiti kutwa, tena anapanda matatu kwenda na kurudi. Nyama haitampa miguu ya mchungaji, na zaidi ya hayo ameacha kwa imani yake.

Tabibu Mstaafu

Nimeisoma mada hii kwa aibu kidogo, kwa kuwa nami niliwahi kugawa karatasi ya namna hiyo. Sisemi ili kumtetea mwenzangu, lakini ijulikane kwamba daktari hufundishwa lishe kwa kiasi kidogo mno. Hata Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba mwanafunzi wa udaktari alipata kwa wastani saa 19.6 za somo hilo katika miaka yake yote ya masomo, wakati saa 25 zilikuwa zimependekezwa tangu 1985. Ukiongeza foleni iliyofika hadi mlangoni, daktari hukamata ushauri ulio karibu na mkono. Ndiyo maana anayetaka kupangiwa chakula ni afadhali amwone mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa na KNDI, taasisi ya wataalamu wa lishe wa Kenya iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, kuliko kumlazimisha daktari aseme asichokijua.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi la daktari huyo silioni kwenye nyama. Naliona kwenye maswali ambayo hakuuliza. Mama wa miaka 46 mwenye LDL ya 4.6 anapaswa kupimwa tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, kwa maana tezi ikilegea LDL hupanda hata kama mtu anakula majani matupu. Figo zake ziangaliwe pia. Aulizwe kuhusu hedhi, kwa sababu inapokaribia kukoma LDL hupanda yenyewe kwa wanawake wengi. Zaidi ya yote aulizwe habari za ukoo: je, yuko mzazi au ndugu aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi akiwa bado kijana? LDL ikifika 4.9 huwa tunashuku ugonjwa wa kurithi, ambapo vipokezi alivyovieleza mwenzangu huwa na kasoro tangu kuzaliwa. Wewe hujafika hapo, lakini hauko mbali.

Kuhusu chakula, yapo matumaini ya kweli. David Jenkins na wenzake kule Toronto walichapisha mwaka 2003 jaribio la watu 46. Waliolishwa kwa mwezi mmoja vyakula vya mimea vilivyochaguliwa kwa makusudi (shayiri, soya, lozi, bamia, biringanya, na siagi ya mimea iliyotiwa steroli, viini vya mimea vinavyozuia kolesteroli isifyonzwe) waliishusha LDL kwa asilimia 28.6, karibu sawa na waliopewa dawa ya lovastatini, ambao walishuka kwa 30.9. Ila wale waliletewa chakula mkononi. Watu walipoachwa wajipikie kwa kushauriwa tu, katika jaribio la baadaye, walishuka kwa asilimia 13 hivi. Bado si haba. Bamia na biringanya ziko tele katika masoko ya City Park na Ngara, na mrenda wetu una ule ule utelezi wa bamia. Kwa chai yako sina neno, ila kama wewe ni mpenzi wa kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa, ile ya mabirika ya shaba, fahamu kwamba nayo huipandisha LDL.

Ikiwa baada ya hayo yote daktari atakuandikia statini, yaani dawa ya kushusha kolesteroli ya jamii ya lovastatini hiyo, usiione kuwa adhabu ya mtu aliyeshindwa kula vizuri. Na kwa kuwa huli nyama, omba upimwe vitamini B12 siku hiyo hiyo utakapotolewa damu.

Mkaazi wa Kangemi

Nawashukuru sana, Lishe Wodini na Tabibu, nawe Mzee pia kwa nia njema. Nimetafuta risiti mbili za mwisho za mafuta: lita tatu zimeisha kwa siku 24, nasi tuko watatu nyumbani, yaani karibu mililita 42 kwa kila mmoja kwa siku. Hapo sijahesabu kibanda. Leo mchana nilisogea hadi jikoni kwa mama anayetupikia ndengu, nikaona mtungi wa manjano wa lita 20 usio na kibandiko chochote, na upawa anaoteka nao mafuta unatosha kunipimia mimi chai. Nilipomwomba anipikie yangu kwa kijiko kimoja alicheka, akaniuliza kama nataka ndengu za mgonjwa.

Lile swali la ukoo ndilo lililoninyima usingizi. Baba yetu alianguka shambani akiwa na miaka 51, na sote tulikubali kwamba alirogwa na jirani tuliyekuwa tukigombania naye mpaka. Jana usiku nilimpigia kaka yangu mkubwa aliye Nakuru, nikamsomea namba zangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema anameza vidonge vya kolesteroli mwaka wa tatu sasa na hakuona haja ya kututia wasiwasi. Nimemwomba anitumie picha ya majibu yake ya kwanza, niyapeleke pamoja na yangu Jumatatu nitakapokwenda kupima tezi.