Spana za jeshi za zamani: za Mwingereza zenye mshale au za jeep za Mmarekani?

Spana_Kuukuu
Wakuu, naokota spana za Vita Kuu ya Pili moja moja kwa wauza vyuma chakavu. Sasa nimepata seti mbili, hela inatosha moja. Ya kwanza ni flati (za mdomo wazi) sita za Kiingereza, zina alama ya mshale na 1943, vipimo vya Whitworth, vile vya zamani vya Kiingereza vya inchi. Ya pili tano za Kimarekani zimeandikwa Ford, muuzaji anasema zilikuja na jeep. Hizi zinang'aa kweli. Mngechukua ipi?

Gereji_ya_Kona
Ya mshale, bila kusita. Ile mistari mitatu inayokutana kwenye ncha ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na mwaka upo pembeni, unataka nini tena? Jeep zilitengenezwa na Willys na Ford, 1941 hadi 1945, sawa. Lakini Ford waligawa spana na magari na matrekta ya raia tangu kabla ya vita. Jina peke yake si ushahidi wa jeshi.

Nati_na_Bolti
Mimi huko kung'aa ndiko kunanitia shaka. Wakati wa vita kromu ilibanwa Marekani, spana nyingi zikatoka nyeusi au na kadimiamu, rangi ya chuma ya kuzuia kutu. Yenye kromu safi huenda ni ya kabla au baada ya vita, au mtu kaipaka upya.

Mama_Karakana
Kama ni za kufanyia kazi, fikiri kwanza. Namba ya Whitworth ni unene wa bolti, si upana wa mdomo wa spana. Ya 1/4 W inashika nati ya kama mm 13.3. Spana ya 13 haiingii, ya 14 inapwaya na kula kona. Niliharibu nati nne za Land Rover ya zamani ya baba kwa kutojua hilo, na bado naumia nikikumbuka.

Nati_na_Bolti
Halafu tazama kama mshale una herufi. Ukiwa ndani ya C ni wa Kanada, ukiwa na U ni wa Afrika Kusini. Wanajeshi wa Afrika Kusini walipitia Kenya 1940 na 1941 wakienda kupigana na Waitalia, kwa hiyo ukikutana na ya U huku kwetu usiiachie.

Gereji_ya_Kona
Mulika mshale kwa tochi. Uliogongwa jana kingo zake zimeinuka, ukipitisha kucha inakwama, na chini chuma ni cheupe. Wa zamani una kutu ile ile ya mwili mzima.

Spana_Kuukuu
Nimerudi kwa muuzaji na tochi. Tano safi, kutu imeingia mpaka kwenye ncha ya mshale. Ya sita kucha imekwama, nimemrudishia. Nimelipia tano, hakuna ya U. Ziko kwenye mafuta ya taa tangu jana, nitatumia brashi laini tu, grinda haitazigusa. Mwenye 3/8 W ya mshale aniambie.