Kila mwenye nyumba atoe mita moja ya njia bila fidia: tukubali?

MtaaWaPili_Sombetini: Kikao cha mtaa wetu hapa Arusha kimevunjika kwa kelele. Mpimaji anasema ili mchoro wa urasimishaji (kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango) upitishwe, kila anayepakana na njia arudi nyuma mita moja, na fidia hakuna. Mimi nimekubali, ingawa ukuta wangu unakwenda. Masika iliyopita jirani yetu mjamzito alibebwa mikononi hadi lami kwa sababu gari halikuweza kuingia. Nyie mnasemaje?

Njiro_Juu: Mngenunua viwanja vilivyopimwa msingefika huko. Mtu ana boma miaka kumi, halijapauliwa, nyasi zimeota sebuleni, leo anadai fidia!

MamaWaKilombero: Nyasi za sebuleni kwangu zinakuhusu nini? Mimi nauza mboga soko la Kilombero. Msingi niliuweka kwa hela ya kikoba. Tofali nilinunua mia, nikakaa, nikanunua mia nyingine. Vyumba viwili vya nyuma nimeshapaua, kimoja tunalala, kingine nimepangisha, na kodi ya mtu silipi. Vya mbele vimeishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Benki gani ingenipa hela ya kujenga yote mara moja?

FundiSakina: Mama, hongera. Ila hizo nondo zilizobaki nje zipake saruji, na kozi ya juu, yaani mstari wa mwisho wa tofali, ifunike kabla ya masika. Maji yakiingia kichwani mwa ukuta yanashuka hadi chini, na plasta utakayopiga baadaye itabanduka. Tena choo kijengwe mwanzo. Wengi wanakiacha mwisho, hapo nafasi ya shimo imeshaisha.

MtaaWaPili_Sombetini: Jamani, swali ni njia.

Njiro_Juu: Sijamtukana mama. Nasema mpango utangulie. Sinza ya Dar ilipimwa, ikawekewa barabara na maji kwa hela za Benki ya Dunia, ndipo watu wakajenga.

MzeeWaNgarenaro: Kijana, umesoma nusu. Mradi huohuo wa miaka ya 70 uliingia Manzese, ukachonga barabara na kuleta maji watu wakiwa ndani ya nyumba zao. Miaka ya 60 nyumba za Magomeni zilibomolewa, Shirika la Nyumba likajenga upya palepale. Hela nyingi, nyumba chache. Ndiyo maana bomoabomoa ikaachwa. Hata Sheria ya Ardhi ya 1999 imeweka utaratibu wa kurasimisha.

Njiro_Juu: Kijana nani? Nina wajukuu. Na sheria hiyo haijasema mjenge kingo za mto Themi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mkae mita 60 kutoka mtoni.

MzeeWaNgarenaro: Nani hapa kataja Themi? Wenye uwezo pia wamejenga kando ya mito, mbona hao huwasemi?

Mpangaji_UngaLimited: Mnabishana wenye nyumba kwa wenye nyumba. Njia ikipita, chumba kinachovunjwa ndicho ninacholala. Mwenye nyumba akipata hati, kodi inapanda. Kaya sita tunagombania choo kimoja, na kwenye vikao vya upimaji hatuitwi.

MamaWaKilombero: Mdogo wangu, si wote. Wapangaji wangu wakikwama nawasubiri.

Mpangaji_UngaLimited: Dada, sijakutaja wewe. Nasema wapangaji nao waitwe.

Bikoni_Olasiti: Msivunje kitu bado. Huku kwetu kampuni ya upimaji ilichukua michango, ikapanda bikoni (alama za mipaka), ikapotea. Mchoro haujapitishwa hadi leo, na waliovunja uzio mapema wanalala wazi. Michango iingie akaunti ya kamati, na kampuni ilipwe kwa hatua.

FundiSakina: Hapo kweli. Na ukuta wa tofali za kuchoma usipigwe nyundo hovyo, ubomolewe kwa mikono, tofali zinarudi kazini.

MamaWaKilombero: Wangu nitaubomoa mwenyewe, bikoni zikishasimama na mchoro ukishagongwa muhuri. Ila ile nguzo ya umeme iliyo katikati ya hiyo njia, gharama ya kuihamisha ni ya nani? Mwenyekiti alipoulizwa alifunga kikao.