Walimu na wapenda historia, nisaidieni: ukoloni ulimfanya nini mkoloni mwenyewe?

Ticha wa Nyegezi: Habari zenu wakuu. Nafundisha Historia kidato cha tatu hapa Mwanza. Tukiwa kwenye athari za ukoloni, binti mmoja akauliza: "Mwalimu, hizi zote ni za kwetu. Waliotutawala hawakuathirika?" Nikamwambia walitajirika. Akasema, "Wote?" Natamani kulifanyia mdahalo swali lile, ila mwenzangu ofisini anaogopa watoto watajifunza kumhurumia mkoloni. Mnanishauri nini?

Mzee wa Magu: Mwangaluka mwalimu. Fanya, ila anzia kwenye pamba, maana hiyo wanaijua. Reli ilifika Mwanza 1928, pamba ikashuka pwani kwenda kulisha viwanda vya ng'ambo. Mkulima wa Kisukuma alilima, kisha akapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Paul Bomani na wenzake wakakusanya wakulima, wakapima wenyewe, na 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la kanda hii, likafika hadi kumiliki viwanda vya kuchambua pamba. Tafadhali watoto wasiondoke wakidhani babu zao walikaa tu kupokea athari.

Karani Mstaafu: Binti ana akili sana. Mpe mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Uingereza ilianza 1947 ikitafuta mafuta ya kula, ikaachana nao 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Zilikuwa kodi za Waingereza wa kawaida, ambao wakati huo nyama na siagi walikuwa bado wanapata kwa mgao. Kwa hiyo si wote waliotajirika.

Nyamizi: Karani, sawa, lakini pauni na roho za watu haziwekwi kwenye mizani moja! Maji Maji, 1905 hadi 1907, makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Mwenzako ofisini ana hoja, mwalimu. Mdahalo wa "nani aliumia zaidi" usiuruhusu kabisa. Waulize hivi: kwa nini Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023 kuomba msamaha kwa mambo yaliyotendwa kabla hajazaliwa? Hapo wataona mzigo ambao watawala waliwaachia wajukuu wao.

Mzee wa Magu: Na Ziwa Victoria hili hapa mlangoni je, ambalo maji yake hushuka na mto Nile hadi Misri? Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba maji yasiguswe huku juu bila Misri kuridhia. Sisi hatukuulizwa. Serikali ya Tanganyika huru ikayakataa masharti hayo 1962. Leo maji yanavutwa pale Ihelele, Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga.

Ticha wa Nyegezi: Asanteni sana. Mada nimeibadilisha: "Nani alilipa gharama za ukoloni, na nani alifaidika?" Kundi moja pamba, moja karanga, moja Maji Maji. Ziwa nitafundisha mwenyewe, ikiwezekana hukohuko Ihelele.

Karani Mstaafu: Andika barua ya kuomba kibali mapema, mwalimu. Na huyo binti mpe kundi la karanga.