Beking soda kwa jongo: tunajitibu au tunajiumiza?

Mleta mada: Wadau tulijadili hili maana naona linaenea sana, mtu akishikwa na jongo, gauti wengine mnavyoita, anaambiwa koroga kijiko cha beking soda kwenye glasi ya maji unywe, kesho unatembea. Mimi napinga. Mzee wangu alikuwa anakunywa, usiku nasikia kijiko kinagonga glasi, huku kidole gumba cha mguu kimevimba kinang'aa, shuka tu likigusa anapiga kelele. Na kweli baada ya wiki hivi ilikuwa inaachia, basi soda ndo ikapata sifa. Ila jongo ndo lilivyo, shambulio linapoa lenyewe ndani ya wiki moja mpaka mbili hata usipomeza kitu! Alipokuja kupimwa presha ikakutwa juu sana, daktari akauliza anatumia nini, tukataja vyote, soda hatukuitaja kwa sababu hatukuihesabu kama dawa.

Kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Na wenye jongo wengi ndo haohao wenye presha na figo zilizochoka.

Mchangiaji: Mkuu napingana na wewe kidogo, mbona madaktari wenyewe wanawapa bikaboneti, ambayo ndo hiyo beking soda, wenye mawe ya figo? Inapunguza ukali wa asidi. Mi naitumia mwaka wa pili huu na niko fiti, vidonge ndo vinaharibu tumbo.

Mleta mada: Kwenye mawe uko sahihi, yale ya asidi ya yuriki yanaweza kuyeyuka mkojo ukipungua ukali, ila yule mgonjwa anapimwa na dozi kapangiwa, hakadirii kwa kijiko. Fuwele za jongo, yaani asidi hiyohiyo ya yuriki iliyoganda, zimekaa kwenye kiungo, na ukali wa damu haubadiliki kirahisi hivyo, mapafu na figo zinaurudisha palepale. Vidonge nakubali, ibuprofeni mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asiguse, ndo maana nasema nenda upewe inayokufaa, labda kolchisini ya kutuliza, halafu alopurinoli ya kushusha yuriki kwenye damu chini ya miligramu 6 kwa desilita ili fuwele ziyeyuke taratibu.

Ukitaka cha nyumbani, barafu. Ifunge kwenye taulo, weka dakika 20, toa, rudia baadae, mguu uwe juu ya mto, na maji unywe ya kutosha kama hujakatazwa. Ila kiungo kikivimba na homa ikapanda unatetemeka, usikae na barafu, inaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Na wewe ndugu yangu wa mwaka wa pili, presha ulipima lini mara ya mwisho?