Sanaa ya mitaani Dar: unaionaje, unaisomaje, unaipigaje picha?

MtembeziSinza
Wakuu salaam. Nataka kutembea kwa mguu mitaa ya kawaida (Sinza, Kijitonyama, Mwananyamala, baadaye Kariakoo na Posta) na kuorodhesha sanaa iliyoko nje: michoro ya ukutani, mabango ya kuchorwa kwa mkono, nakshi za majengo, sanamu. Maonyesho ya ndani hayanihusu kwa sasa. Mtu aangalie wapi hasa, maana barabara kubwa zote ni mabango ya kuchapwa? Utajuaje mchoro ni wa siku nyingi au wa juzi? Na picha zipigweje kwa simu ya kawaida ili ziwe kumbukumbu ya maana, bila kugombana na mwenye nyumba?

FundiBango
Mkuu, achana na barabara ya lami. Ingia mtaa wa pili au wa tatu nyuma yake, ndiko mkono wa mchoraji ulikobaki: vinyozi, gereji, mama lishe, wauza spea, chekechea. Kuta za shule za msingi ni hazina peke yake: ramani ya Tanzania, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, irabu. Nyingi hupakwa upya likizo ya Juni au Desemba, kwa hiyo ukitaka mchoro wa zamani wahi kabla shule hazijafungwa.

Kazi ya mkono utaijua kwenye herufi. Tafuta neno lenye A tatu, zilinganishe. Zikifanana kabisa na kila moja ina kijidaraja kinachokata mstari, hiyo ni rangi iliyopitishwa kwenye karatasi iliyotobolewa. Zikitofautiana kidogo kwenye mguu, ni brashi. Ukisogea karibu mara nyingi utakuta mstari hafifu wa chaki au penseli chini ya herufi. Kwenye picha kubwa tafuta alama za miraba: mchoraji hugawa karatasi ya A4 kwa miraba ya sentimita 2, kisha ukuta kwa miraba ya sentimita 20, na picha inakua mara kumi, yaani kama mita 2.1 kwa karibu mita 3. Ukiona mchoro una ukubwa huo au unaokaribia, unaweza kukisia ulitoka kwenye karatasi gani.

Umri sasa, na hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Wanaona rangi imebanduka wanasema ni ya zamani. Si lazima. Plasta mpya inahitaji kama wiki nne ikauke. Fundi akiwahishwa na mteja akapaka rangi ya mafuta kabla ya hapo, alikali ya saruji inaishambulia ile mafuta na kuigeuza kama sabuni. Inanata, inavimba, kisha inatoka kwa vipande vikubwa ndani ya mwaka mmoja. Rangi ya maji huvumilia zaidi. Na ikibanduka kuanzia chini kwenda juu, hasa nusu mita ya kwanza kutoka ardhini, hiyo ni chumvi na unyevu unaopanda ukutani. Utaona unga mweupe, ukiupangusa kesho kutwa umerudi.

Umri usome kwenye jua. Nyekundu na njano za bei rahisi hufa kwanza. Buluu, nyeusi na nyeupe hubaki. Ndiyo maana bango la kinyozi lililokaa miaka lina wateja wenye sura za kibuluu, midomo imepotea lakini nywele ziko vilevile. Nyekundu ya udongo, ile ya hudhurungi, haiondoki kirahisi, kwa hiyo usiitumie kupimia. Linganisha pia kuta zinazotazama upande mmoja: mchoro ulio chini ya mwembe unaweza kuonekana mpya kuliko ulio juani wa mwaka jana.

Zege_na_Nakshi
FundiBango kamaliza kuta, ila nyote mnasahau vyuma. Nenda Sinza au Kijitonyama uangalie mageti na grili tu. Tausi, simba, ua la waridi, jua lenye miale: vyote ni chuma bapa kilichokunjwa kwenye kalibu kisha kikachomelewa. Kalibu haitupwi baada ya kazi moja. Ukikuta mkunjo uleule wa mkia wa tausi kwenye mageti matatu ya mtaa mmoja, kuna uwezekano mkubwa yametoka karakana moja, na mara nyingi karakana yenyewe haiko mbali. Andika idadi ya mikunjo kwenye mkia na upande inakoelekea. Huo ndio utambulisho wake, rangi haisaidii kwa sababu hupakwa upya.

Upanga na Oysterbay angalia matofali ya urembo yenye matundu kwenye ngazi na kuta za veranda. Kisutu na mitaa ya jirani inua kichwa: juu kabisa ya ukuta wa mbele, mara nyingi kuna mwaka wa ujenzi au jina la jengo kwa plasta iliyoinuliwa. Vuka upande wa pili wa barabara, ukisimama chini yake huoni kitu.

Kariakoo, paa la soko kuu lenyewe ni sanamu. Beda Amuli alilisanifu kama miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, ikipokea maji ya mvua; lilikamilika 1974 na liliungua Julai 2021.

Posta, ile Sanamu ya Askari kwenye makutano ya Samora na Azikiwe kila mtu anaitumia kuelekezana tu. Izunguke. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiswahili na hati ya Kiarabu. Ni shaba, kazi ya James Alexander Stevenson aliyetumia jina la Myrander, ilizinduliwa 1927. Kabla yake palisimama sanamu ya Wissmann, mtawala Mjerumani. Waingereza waliiondoa na ikaishia Hamburg.

Halafu ombi: msiandike "Tingatinga" kwenye kila twiga wa ukutani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 huko Oysterbay, kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi, akafariki 1972. Waliomfuata wana kijiji chao cha sanaa hukohuko. Twiga wa rangi ya maji kwenye ukuta wa chekechea ameiga mtindo, basi. Andika hivyo.

KivuliChaSaaNne
Kuhusu picha. Mchoro wa rangi upige kukiwa na wingu jepesi au ukuta ukiwa kivulini. Nakshi za zege na plasta ni kinyume, zinataka jua la pembeni, saa moja hadi saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kivuli ndicho kinachoonyesha mchongo. Saa sita paa linaangusha kivuli katikati ya kila kitu. Dar kuta zinazotazama kaskazini hupata jua la mchana kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na za kusini katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari, kwa hiyo panga mtaa kwa msimu.

Kila kitu kipige mara nne: kizima ukiwa umesimama wima mbele yake, kipande cha karibu chenye kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, kona ya chini (mchoraji huweka sahihi au namba ya simu pale, namba usiichapishe), na picha ya mbali yenye nyumba za jirani. Usitumie lenzi pana, inapinda kingo. Kwenye uchochoro mwembamba piga kwa vipande, kila kipande kiingiliane na kilichotangulia kwa theluthi. Washa GPS ya kamera. Na usihifadhi picha kwa kujitumia WhatsApp kama picha: inapunguzwa ubora na taarifa za mahali zinafutika. Tuma kama faili.

Ruhusa: salimia kwanza, simu ikiwa mfukoni, uliza anayemiliki au anayeuza hapo. Shuleni pitia kwa mwalimu mkuu na usipige watoto. Vituo vya polisi, kambi za jeshi, Ikulu na bandarini usinyanyue simu kabisa, hata kama ukuta umechorwa. Kando ya barabara kubwa geukia ukuta na shika simu kwa mikono miwili, bodaboda wa kukwapua wapo.

MtembeziSinza
Shukrani sana wakuu. Swali moja: nikikuta ukuta wenye mchoro umewekwa alama ya X?

FundiBango
Hiyo kwa kawaida ni alama ya kubomolewa, mara nyingi nyumba iko kwenye hifadhi ya barabara. Huo usiusubirishe jua zuri. Piga siku hiyohiyo, na X yenyewe iache ionekane kwenye picha, ni sehemu ya rekodi. Mwenye nyumba huenda ana machungu, kwa hiyo jieleze vizuri kwamba hutoki ofisi yoyote.