Mjadala: Uraia na elimu ya fedha viwe lazima sekondari, au tunawaongezea watoto mzigo?

Mlima Uluguru
Habari za jioni wakuu. Mtaala mpya umeanza kuingia madarasani kwa awamu tangu 2024, na kwa sekondari umelifanya somo la Biashara kuwa la lazima, sambamba na Historia ya Tanzania na Maadili. Nimelipokea vizuri. Lakini biashara ni jambo moja na fedha za mtu binafsi ni jingine. Watoto wetu wengi hawatafungua duka wala kiwanda, ila kukopa watakopa wote. Watakatwa kodi, watachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, watadaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, watasaini mikataba ya kazi na ya pango. Hoja yangu: Uraia na elimu ya fedha viwe somo moja la lazima kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na litahiniwe kitaifa. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa hazina leseni. Waliokuwa wanakopa humo ni vijana wetu wenye vyeti mkononi. Mnasemaje?

Kiboko ya Ruvu
Mkuu, Uraia tumeusoma. Mihimili mitatu ya dola, alama za taifa, sifa za kiongozi bora, vyote tulikariri na kufaulu. Halafu eneo la wazi la mtaani kwetu likauzwa tunaangalia, mkutano wa mtaa ukiitishwa tunakwenda watu kumi, na mapato na matumizi hakuna anayeuliza. Somo la lazima halimfanyi mtu kuwa raia.

Dada wa Makorora
Kaka Kiboko, ulikariri kwa sababu ulisomeshwa kwa Kiingereza. Darasa la saba tulikuwa tunabishana na mwalimu kuhusu haki zetu, tukaingia kidato cha kwanza tukawa mabubu. Ukifundisha riba na haki za mdaiwa kwa lugha ambayo mtoto anaibabaisha, atapata alama na hatapata kitu kingine. Hilo ndilo la kujadili kwanza.

Mpiga Hesabu
Sawa, tuseme limekuwa lazima. Nani atafundisha? Walimu? Walimu ndio wateja nambari moja wa kausha damu, hawa wakopeshaji wa riba kubwa, nchi hii. Nenda mwisho wa mwezi kwenye mashine za kutolea fedha, utamkuta mkopeshaji na rundo la kadi za benki za walimu, na namba za siri zote anazijua. Mtu aliyeweka rehani kadi ya mshahara wake ndiye amfundishe mwanangu bajeti?

Mwalimu wa Zamu
Wewe Mpiga Hesabu, nani alikufundisha hizo hesabu unazojiita kwa jina lake?

Kwa kuwa umetutukana mbele za watu, nakueleza mbele za watu. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 yake. Benki inachukua sehemu yake ya mkopo wa kiwanja. Ukifika kwenye ile theluthi, mfumo wa mshahara unakataa makato mengine. Hapo mtoto anaugua, au mzazi anafariki mkoa wa mbali. Benki haiwezi tena kukupa. Anayekupa ni yule anayeshika kadi, kwa sababu yeye hana haja ya kupitia mfumo wa mshahara, anachota mwenyewe pesa zikiingia. Sijaweka kadi kwa kutojua riba. Riba naijua hadi senti. Nimeiweka kwa sababu madai yangu ya uhamisho yamekaa miaka, na daraja langu lilichelewa kupanda. Nipeni ninachodai, muone kama mtaniona tena kwenye foleni hiyo.

Nesi wa Wilaya
Mwalimu amesema kweli. Na si walimu peke yao, hata sisi wa afya tuko humo.

Mpiga Hesabu
Sikutukana mtu, nimesema kinachoonekana. Na maelezo yako yanathibitisha hoja yangu: kama anayejua riba hadi senti anaingia, somo litamsaidia nini asiyejua?

Mwalimu wa Zamu
"Sikutukana." Umesema hatufai kuwafundisha wanao. Hao unaowapeleka shule wanashika kalamu kwa mikono ya nani?

Mlima Uluguru
Jamani, turudi kwenye somo.

Mjane wa Kikokotoo
Turudi wapi? Mimi ni mke wa mwalimu, marehemu sasa. Mnazungumza kadi za benki kana kwamba mwisho wa habari ni pale. Mwaka 2018 walitangaza kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya mstaafu, kwamba mkupuo wa kwanza uwe asilimia 25, nchi nzima ikapiga kelele, Rais Magufuli akakisimamisha Desemba ya mwaka uleule. Mwaka 2022 kikarudi kwa asilimia 33. Mume wangu alikuwa amepanga nyumba kwa hesabu ya nusu ya mafao yake, ndivyo walivyokuwa wakilipwa wenzake waliomtangulia. Tulibaki na msingi na mawe. Sasa niambieni, mtu huyu alikosa elimu ya fedha? Alipanga. Aliyebadilisha hesabu ni mwingine.

Kiboko ya Ruvu
Pole sana mama. Mwaka 2024 waliongeza, wengine 40, wengine 35.

Mjane wa Kikokotoo
Waliongezewa walio hai, kijana.

Dada wa Makorora
Mama, pole. Lakini uliyoyasema ndiyo sababu ya kuunganisha Uraia na fedha. Fedha peke yake ingemfundisha mwalimu kuweka akiba. Uraia ungemfundisha sheria ya mafao inatungwa wapi, nani anakwenda kutoa maoni kwenye kamati ya Bunge, na lini. Sheria ya mifuko ilipitishwa mapema 2018. Kelele tulipiga mwisho wa mwaka, kanuni zikiwa zimeshatoka.

Mwananchi wa Nakuru
Ndugu zangu wa Tanzania, mniruhusu niingilie. Kwetu Kenya mwaka 2024 vijana waliuchukua Muswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu. Mama mboga alikuwa anajua mkate utatozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kabla mbunge wake hajajua. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, na siku iliyofuata Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Wengine walikufa, hatutawasahau. Hakuna mtihani wa taifa uliowafundisha kusoma muswada ule. Walijifunza kwa sababu uliwagusa mfukoni.

Mpiga Hesabu
Kenya mna Katiba ya 2010 inayolazimisha ushirikishwaji wa umma. Usilinganishe.

Mwananchi wa Nakuru
Katiba ni karatasi, bwana. Kama watu hawaijui haiwalazimishi wakubwa kitu. Na hiyo ya 2010 tulifundishwa mitaani kabla ya kura ya maoni, kwa Kiswahili.

Mtumishi wa Mungu
Tusisahau tamaa. DECI mnaikumbuka, ule upatu wa kupanda na kuvuna pesa? Nadhani ilikuwa 2008. Walimu, wanajeshi, watu wenye shahada, wote walipanda mbegu wakisubiri kuvuna. Hawakukosa elimu. Mwanadamu akitamani cha bure, darasa halimzuii.

Nesi wa Wilaya
Ilizimwa 2009. Na mtumishi, waliokuwa wanahimiza watu wapande ile mbegu walikuwa wachungaji. Hilo nalo tulitaje.

Mtumishi wa Mungu
Walihukumiwa, wakalipia. Usiliingize kanisa zima.

Nesi wa Wilaya
Sijaliingiza kanisa zima. Nimesema watu waliamini kwa sababu aliyewaambia alisimama madhabahuni. Mtoto wa kidato cha tatu anayejua kuuliza "faida hii inatoka kwenye biashara gani?" angemwokoa mama yake. Miaka kumi na sita baadaye ikaja LBL, 2025, watu wanalipwa eti kwa kutazama matangazo kwenye simu. Swali lilikuwa lilelile na halikuulizwa.

Mkopeshaji Halali
Nimesoma tangu mwanzo nimevumilia. Mnawaita wakopeshaji wote kausha damu. Mimi nina leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, nalipa kodi, nina ofisi, nina kibao nje. Natoza asilimia 3.5 kwa mwezi. Kadi ya mtu sishiki. Wanaoharibu ni hao wa mfukoni wasio na leseni. Na wadaiwa nao waambiwe ukweli: mtu anakopa kwako asubuhi, mchana amekopa kwa mwingine, jioni amezima simu.

Mpiga Hesabu
Vizuri umejitokeza. Asilimia 3.5 ya nini? Chukua milioni moja kwa miezi 12. Ukitoza 3.5 kwenye deni la mwanzo kila mwezi hadi mwisho, mteja analipa riba 420,000. Ukitoza kwenye deni linalobaki kadiri anavyolipa, riba haifiki 245,000. Kwenye kibao chako zote zinaandikwa 3.5. Wewe unahesabu ipi?

Mkopeshaji Halali
Nimepoteza zaidi ya hiyo unayoitaja kwa wadaiwa waliohama mikoa. Hilo hamlihesabu.

Mwalimu wa Zamu
Mpiga Hesabu, hapo sasa umefundisha. Hesabu hiyo hiyo naweza kuimaliza kwa vipindi viwili kidato cha pili, ubao na chaki tu, watoto wakabaki nayo maisha. Tatizo ni kwamba kwenye Hisabati riba tunayofundisha ni ya fomula, mtoto anaingiza namba, anapata jibu, hajui kwamba jibu hilo ndilo litakalomkausha. Ndiyo maana naungana na mleta mada. Liwe lazima, litahiniwe, maana shuleni kisichotahiniwa kinapewa kipindi cha mwisho cha Ijumaa na mwalimu aliyekosa vipindi.

Kiboko ya Ruvu
Na likitahiniwa litakaririwa, kama Uraia wetu.

Mwalimu wa Zamu
Ukimpa mwanafunzi mkataba halisi wa mkopo na kumwambia "tafuta mahali utakapoumia", atakariri nini?

Mlima Uluguru
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mwalimu, nani ataitunga mitihani ya namna hiyo?

Mwalimu wa Zamu
Sisi. Hao hao wa kadi.

Mpiga Hesabu
Mwalimu, neno langu la kadi nalirudisha kwa upande wako. Kwa mkopeshaji silirudishi. Bado hajanijibu: deni lote au deni linalobaki?

Mkopeshaji Halali
Deni lote. Iko kwenye mkataba, mteja amesoma na amesaini mwenyewe, hakuna aliyeshikwa mkono.

Dada wa Makorora
Mkataba wako umeandikwa kwa lugha gani?