Uvimbe wa ovari: sindano, kupima maji ya tumbo au upasuaji moja kwa moja?

binti_tanga: Wadau habari, mama mdogo wangu ana miaka 58, ultrasaundi imeonyesha uvimbe ovari ya kushoto, una vyumba vyumba na sehemu ngumu ndani, CA-125 (kipimo cha damu kinachoweza kupanda kwenye kansa ya ovari) imekuja 140 wakati mwisho ni 35. Maji tumboni hana. Dokta anataka apasuliwe, mi najiuliza kwanini wasichukue kinyama kwa sindano kwanza kama titi, si ndo rahisi?

mtu_wa_maabara: Ovari sio titi dada. Kama ni kansa na bado imo ndani ya ganda lake hiyo ni hatua 1A, ukiitoboa maji yake yakamwagika tumboni inahamia 1C, yani mtu ambaye pengine angemalizana na kisu tu anaingizwa kwenye kemo. Halafu sindano inachota sehemu moja, majibu yakija safi bado hujui upande wa pili kuna nini, mtapasua tu.

Mama Shufaa: Mbona dada angu alichomwa?? Yeye tumbo lilijaa maji, kakonda, CA-125 juu, ukoo mzima tushalia kansa. CT skani ikaonyesha mabonge kwenye utando wa mafuta, wakachoma hapo wakiangalia kwa ultrasaundi, kinyama kurudi ni TB ya tumbo! Kala dawa miezi 6 sasa hivi anatusumbua tu.

mtu_wa_maabara: Hapo ndo pake kabisa. Ugonjwa ukishasambaa hakuna ganda la kulinda, na lazima ujue ni nini kabla ya kuanza kemo, maana hata kansa ya tumbo la chakula au utumbo huhamia kwenye ovari.

kaka_Moro: na kuchota maji ya tumboni tu je? bei poa

mtu_wa_maabara: Bei poa ndio ila unaona seli zinazoelea, mara nyingi hazitoshi kusema zimetoka wapi, na zisipoonekana haina maana hakuna kansa. Kinyama cha sindano nene ndo kinapakwa rangi za kutofautisha. @binti_tanga kuna hesabu ya kupima hatari ya kansa: mama mdogo keshakoma hedhi anapata 3, picha ya ultrasaundi 3, zidisha 3 kwa 3 kwa CA-125 yake 140 ni 1260, na ikivuka 200 tu anahesabiwa wa hatari. Msitoboe, tafuteni rufaa kwa daktari wa kansa za wanawake autoe uvimbe mzima bila kuupasua.

binti_tanga: Asanteni jamani. Bima inagomea rufaa, kesho naenda nao sambamba.